Mwamba Laini wa Jirani na London: Kamba Iliyookoa Watu Ikala Jiwe

Mtaani mtu akiitwa "mwamba" ujue ni jamaa asiyetikisika. Sasa kuna mwamba mmoja Uingereza ambao ukiushika vizuri hilo jina unaweza kulifuta. Unaitwa Harrison's Rocks, upo karibu na kijiji cha Groombridge, kusini mwa London. Ni ukuta wa jiwe la mchanga katikati ya miti, kwenda juu ni kama mita 10 hivi, yaani ghorofa tatu. Nje una ganda gumu kiasi. Ganda likishatoka, ndani ni mchanga, unaufikicha kwa vidole unamwagika kama unga.

Na huu ndio mwamba ambao watu wa London wameupanda kwa karibu miaka 100.

Mambo yalianza miaka ya 1920. Milima ya maana ilikuwa mbali, Wales ni safari ndefu, milima ya Alps ndiyo usiseme. Mtu mwenye wikiendi moja na nauli ya treni alikuwa na chaguo lipi? Wakaja huku. Wachache kati yao baadaye walipata majina makubwa kwenye milima ya dunia, wakaandikwa vitabuni. Walio wengi hakuna aliyewaandika popote. Walikuja Jumamosi na raba za kitambaa miguuni na kamba begani, jioni wakarudi mjini wamejaa mchanga. Kamba za wapandaji enzi hizo zilikuwa za manila, nyuzi za mmea wa Ufilipino ulio ukoo mmoja na mgomba. Msije mkafikiri ni mkonge wa Tanga.

Wapandaji wa kwenye miamba migumu wana mtindo wao. Anayetangulia anapanda na kamba nyuma yake, njiani anachomeka vyuma kwenye nyufa na kupitisha kamba humo, ili akiteleza vimzuie. Hapa mtindo huo haufai. Chuma ukichomeka kwenye jiwe la mchanga, mtu akidondoka kinaweza kung'oka na kipande cha jiwe juu yake. Kwa hiyo watu wakazoea njia nyingine: unazunguka kwa njia ya miguu mpaka juu ya ukuta, unafunga kamba kwenye mti, unashusha ncha chini. Mpandaji anajifunga ncha moja, mwenzake chini anashika nyingine na kuivuta kadiri mpandaji anavyopanda. Ukiteleza unaning'inia tu hapo hapo, unacheka, unajaribu tena. Kamba ya juu ndiyo ilifanya hata mgeni wa siku ya kwanza aweze kujaribu njia ngumu bila kuhatarisha shingo yake.

Shida ilikuwa pale ukingoni. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Huku ikawa kinyume: kamba ikabaki nzima, jiwe ndilo likakatika.

Angalia hesabu yake. Mtu wa kilo 70 akining'inia upande mmoja, kule upande wa pili kuna mwenzake anavuta ili asishuke. Mizigo yote miwili inakutana juu. Kinachobebwa pale juu kinaweza kukaribia mara mbili ya uzito wa mpandaji. Sasa chukua kamba iliyobeba mzigo huo, yenye chembe za mchanga zimenasa ndani, uiburuze kwenye ukingo wa jiwe laini mara mia kwa siku. Huo ni msumeno. Na kama maji yanavyofuata mkondo, kamba ya mtu wa pili inaangukia kwenye mfereji uleule alioacha wa kwanza. Mifereji ikaanza kuonekana juu ya njia zinazopendwa, mingine mirefu kiasi kwamba mkono unazama. Baada ya Vita vya Pili zikaja kamba za nailoni, imara kuliko za manila, watu wakaongezeka, na mchanga ukaendelea kudondoka.

Miti nayo iliumia. Kufungwa kamba kila wikiendi kunachubua gome, na miguu ya watu inakanyaga udongo mpaka mizizi inabaki wazi.

Mwaka 1958 mwamba ulinunuliwa kwa niaba ya wapandaji wenyewe, ukawa mikononi mwa taasisi ya michezo. Hapo ndipo hapakuwa tena na mwenye shamba wa kumsingizia. Jiwe ni la kwenu, mfereji ni wa kwenu.

Suluhisho lililopatikana ni la kawaida sana, na pengine ndiyo maana lilichelewa. Kamba inayotembea isiguse jiwe, basi. Juu ya ukuta, nyuma kidogo ya ukingo, zikawekwa bolti nene zilizogandishwa ndani ya jiwe kwa gundi. Kutoka kwenye bolti mbili unatoa kamba nyingine isiyovutika, inapita ukingoni juu ya kipande cha zulia au turubai, halafu inaning'inia chini ya ukingo ikiwa na karabina mbili za kufunga kwa skrubu, midomo yake ikiangalia pande tofauti. Kamba ya mpandaji inapita kwenye karabina hizo. Iliyolala juu ya jiwe imetulia, inayotembea iko hewani.

Umbali kati ya bolti nao una maana yake. Kamba mbili zikikutana kwa pembe ya nyuzi 60, kila bolti inabeba kama asilimia 58 ya mzigo. Pembe ikipanuka hadi nyuzi 120, kila moja inabeba mzigo wote, kama vile mwenzake hayupo. Kwa hiyo anayeokoa kipande cha kamba kwa kuifunga fupi anajiongezea mzigo bila kujua.

Kumbuka Uingereza bolti ni ugomvi. Kuna wapandaji huko ambao kutoboa mwamba kwao ni kama kuchora ukuta wa msikiti. Ila hapa bolti za juu zilikubalika, kwa sababu shimo moja la bolti ni afadhali kuliko mifereji kumi ya kamba. Ni ngumu kubishana na hilo ukishaiona ile mifereji.

Masharti mengine yakafuata. Usijishushe kwa kamba ukimaliza, tembea urudi chini kwa miguu. Futa viatu kabla ya kupanda, maana mchanga kwenye soli ni msasa. Na mwamba ukiwa umelowa usiuguse kabisa, kwa sababu jiwe hili likinywa maji linapoteza nguvu na kishikio kinaweza kubaki mkononi mwako.

Siku hizi kuna watu wa kujitolea, nao majina yao huyasikii, wanaofika na mchanga na saruji kuziba mifereji ya zamani. Wanachanganya mpaka rangi ikaribiane na jiwe. Ukipita juu pale utaona viraka vyao ukingoni, na hatua chache nyuma yake, bolti.