Sikinde Ipo, Baa Iliyoipa Jina Imesahaulika

Sikinde inajulikana na wengi. Ila uliza Mlimani Park ni nini, utajibiwa ni bendi. Kumbe kabla ya bendi kulikuwa na baa.

Baa yenyewe ilikuwa Dar es Salaam, upande wa Chuo Kikuu. Mwaka 1978 wanamuziki kadhaa walitoka Dar International wakaanzisha bendi, ikabeba jina la baa hiyo. Enzi hizo mwanamuziki alikuwa mwajiriwa kama karani. Analipwa mshahara, na magitaa na spika ni mali ya bosi. Bendi ilianzia chini ya TTTS, shirika la usafiri na teksi. Mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam lililokuwa na kumbi zake. Ndio ikawa DDC Mlimani Park.

Baa na bendi vikawa chanda na pete. Bendi ilivuta watu, watu walinunua bia, bia ikalipa bendi. Radio Tanzania ikipiga nyimbo zao, mtu aliyekaa Kasoli, kule Bariadi, alisikia jina la baa ambayo hajawahi kuikanyaga.

Mwaka 1985 likaja pigo. Tajiri mwenye Orchestra Safari Sound aliwabeba wanamuziki sita muhimu kwa mpigo, akaunda International Orchestra Safari Sound. Mji ukajua Sikinde kwisha. Wapi! Ikasajili wengine, ikasonga.

Kilichomaliza utamu kilikuja polepole. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yakayumba, redio binafsi na televisheni zikaingia, baa zikaota kila mtaa. Wenye baa wakagundua kitu kimoja: kaseti haidai mshahara. Ya nini kulisha bendi nzima? Sikinde ikawa inasikika kumbi nyingine kama DDC Kariakoo, na Mlimani ikabaki jina tu.

Hasara yake si ya wazee peke yao. Kwenye kumbi zile kijana alijifunza gitaa wiki hadi wiki, mbele ya watu wanaocheza, huku mshahara unaingia. Leo kijana ana simu na biti, jukwaa la kudumu hana.

Baa zipo kibao, Dar mpaka Bariadi, spika zinapasua masikio. Haya, tajeni baa inayomlipa mpiga gitaa kila mwisho wa mwezi.