Bastola, Beji na Siri

Askari wa New York aliyeonekana kuyumba kiakili alijua kitakachompata. Bastola ingechukuliwa, beji mara nyingi ingefuata, na yeye angewekwa kwenye dawati kupokea simu mpaka madaktari wa idara waridhike kwamba amepona. Wenzake walikuwa na jina la kejeli la kundi hilo: kikosi cha bunduki za mpira. Aliyeingia humo aliandamwa na minong'ono hata baada ya kurudi doria. Basi mwenye tatizo alifunga mdomo, akaenda zake baa.

Ilikuwa kawaida, basi, kwamba huduma ya askari kumsaidia askari ianzie kwenye pombe. Mwaka 1935, huko Akron, Ohio, kilizaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho msingi wake ni mlevi aliyeacha kumshika mkono mlevi anayetaka kuacha. Kufikia miaka ya 1950 utaratibu huo ulikuwa umeingia katika idara kubwa za polisi za Marekani, Chicago ikiwemo. Askari angeweza kukiri kwamba chupa imemshinda. Kukiri kwamba halali usiku kwa sababu ya maiti ya mtoto aliyoiona kazini lilikuwa jambo jingine kabisa.

Aliyeupanua mlango huo ni Edward Donovan, polisi wa Boston aliyekuwa mlevi na aliyewahi kufikia ukingoni mwa kujiua. Alipoacha pombe, alianzisha katika miaka ya 1970 programu ya msongo wa mawazo kwa polisi wa mji wake. Hakuwa daktari, na hilo halikumpunguzia kitu mbele ya wenzake. Los Angeles walikuwa wamepita njia nyingine: mwaka 1968 walimwajiri Martin Reiser, mwanasaikolojia wa kwanza wa kudumu katika idara ya polisi nchini humo. Hata hivyo, mwaka 1981 nao walianza kuwafundisha askari wa kawaida kazi ya kuwanasihi wenzao. Mtaalamu ofisini alikuwepo tayari. Waliokosekana ni watu wa kumfikisha askari mpaka kwenye mlango wake.

Kisha ikaja miaka mibaya ya New York. Katika mwaka 1994 na 1995 askari zaidi ya 20 wa jiji hilo walijiua. Idara ilikuwa na wanasaikolojia wake, lakini nani angewaendea watu ambao kalamu yao ndiyo inayoamua kama bastola inabaki kiunoni? Bill Genêt, kiongozi katika chama cha askari wa doria, alishikilia kwamba msaada lazima utoke nje ya idara. Ndivyo lilivyozaliwa shirika la POPPA mwaka 1996, likiendeshwa na askari wanaojitolea bila malipo. Namna ya kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Askari anapiga simu, saa yoyote, na anayeipokea ni askari mwenzake. Wanakubaliana mahali pa kukutana mbali na kituo, labda mgahawani, wanakunywa kahawa, wanaongea. Mwenye kujitolea amefunzwa kusikiliza na kutambua hatari. Ikibidi, anampeleka mwenzake kwa mtaalamu. Baada ya Septemba 11, 2001, polisi wa New York walipopoteza askari 23 kwa siku moja, kazi ilifurika. Mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans, watu wa POPPA walisafiri kwenda kuwasikiliza polisi wa huko.

Mwaka huohuo POPPA ilipozaliwa, 1996, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi iliyohusu siri za aina hii, Jaffee dhidi ya Redmond. Redmond alikuwa polisi wa mji mdogo wa Illinois aliyempiga mtu risasi akafa mwaka 1991, kisha akahudhuria vikao takriban 50 vya ushauri nasaha. Familia ya marehemu ilidai kumbukumbu za vikao hivyo. Majaji saba kwa wawili walikataa: maneno aliyomwambia mtaalamu mwenye leseni yalindwe. Mwenye leseni, hapo ndipo penye kasoro. Askari mwenzako uliyemfungulia moyo mgahawani hana leseni, na uamuzi ule haukumgusa. Angeweza kuitwa kizimbani na kuulizwa ulichomwambia.

Ushahidi mzito kwamba askari kumsaidia askari kunaweza kuokoa maisha ulitoka ng'ambo ya mpaka. Polisi wa Montreal, Kanada, walianza mwaka 1997 mpango ulioitwa Pamoja kwa Ajili ya Maisha. Kila askari alipewa mafunzo ya nusu siku, wasimamizi wakafundishwa zaidi, na simu ya msaada ikawekwa mikononi mwa askari waliojitolea. Anayepiga aliweza kuchagua wa kuongea naye kulingana na linalomsumbua: tukio la kutisha kazini, pombe au ugomvi wa nyumbani, au mambo yanayowahusu askari mashoga na wasagaji. Brian Mishara na Normand Martin walipopiga hesabu ya miaka 12, kiwango cha kujiua kilikuwa kimeshuka kwa asilimia 79, kutoka 30.5 hadi 6.4 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Katika vikosi vingine vya Quebec hakikushuka hivyo. Ni haki kusema kwamba mambo kadhaa yaliendeshwa kwa pamoja, kwa hiyo hakuna awezaye kuipa simu peke yake sifa zote.

New York yenyewe haikupona kabisa. Mwaka 2019 askari 10 walijiua, na idara ikaingia mkataba na hospitali ya NewYork-Presbyterian ili askari watibiwe bure, kwa siri, nje ya mfumo wa idara. Majimbo kadhaa yalikwisha kutunga sheria zao za kulinda mazungumzo ya askari kwa askari. Novemba 2021 Rais Joe Biden alitia saini sheria ya taifa ya namna hiyo. Inaacha nje vitisho vya kujidhuru au kudhuru wengine, ukatili kwa watoto na kukiri uhalifu, na inawahusu askari wa serikali kuu tu. Polisi wa mji kama ule wa Redmond bado anategemea sheria ya jimbo lake.