Tundu, Sura na Mnyama: Alama na Majina ya Fedha katika Mafunzo ya Watoto

Mtoto wa darasa la kwanza huko Manyatta, katika Kaunti ya Embu, hutakiwa kuzitambua sarafu na noti katika somo la hisabati. Kazi hii yaonekana nyepesi. Hata hivyo, historia yatuonyesha kwamba fedha ina mambo matatu, yaani alama, jina na thamani, nayo hayabadiliki kwa pamoja.

Tuanze na alama. Sarafu za senti 5 na 10 za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati. Mtoto aliweza kuzibagua na nusu shilingi kwa kupapasa tu. Benki Kuu ya Kenya ilipotoa fedha yake mwaka 1966, tundu lilitoweka na kila sarafu ikachukua sura ya Jomo Kenyatta. Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote. Ndipo mwaka 2018 zikaja sarafu za wanyama: twiga kwa shilingi 1, kifaru kwa 5, simba kwa 10, ndovu kwa 20.

Majina yalifuata njia nyingine. Thumuni, kwa asili ya Kiarabu, ni sehemu ya nane. Mbona basi likawa jina la senti 50, ambazo ni nusu? Jawabu limo katika hesabu. Thumuni ilikuwa sehemu ya nane ya riale, na riale ilikaribia rupia 2. Mwaka 1920 rupia ilipewa thamani ya shilingi 2. Kwa hiyo riale ni kama shilingi 4, na thumuni yake ni senti 50. Riale na rupia ziliondoka, jina likabaki. Kadhalika ndururu, yaani senti 5, bado imo vinywani ingawa sarafu yenyewe haitumiki.

Basi mwalimu asiridhike mtoto akisema “hii ni ya simba.” Noti zote 5 zilizotolewa mwaka 2019 zina picha ya jengo lile lile la mikutano la Nairobi, hapo anayetegemea picha hiyo peke yake hupotea. Yafaa mtoto asome tarakimu, aitamke kwa Kiembu na kwa Kiswahili, kisha abadilishe shilingi 10 kwa mbili za 5. Alama hupita na jina hupitwa. Uwezo wa kubadilisha ndio utakaomfaa sokoni.