Hesabu ya Malthus na Njaa ya Ireland

Kasisi wa Kiingereza, Thomas Robert Malthus, alitoa kitabu chake mwaka wa 1798 pasipo kutia jina lake. Alidai kuwa watu wasipozuiwa huongezeka maradufu kila miaka 25, ilhali chakula huongezeka kwa kiasi kile kile kila mara. Hata karne mbili zikipita, watu watakuwa 256 na chakula 9, ikiwa vyote vilianzia moja. Ni hesabu nyepesi kukaririwa, na wengi waliikariri pasipo kukisoma kitabu. Chapa ya mwaka wa 1803, iliyotaja hiari ya watu kuchelewa kuoa, haikupata wasikizaji kama hao.

Tangu mwaka wa 1805 Malthus alifundisha katika chuo cha East India Company, nacho ndicho alichosoma Charles Trevelyan, aliyekuja kusimamia misaada ya Ireland kutoka Hazina ya London.

Mwaka wa 1841 Ireland ilihesabiwa watu 8,175,124, na maskini wake walitegemea viazi karibu peke yake. Ugonjwa wa kuozesha ukaingia mashambani mwaka wa 1845, na mwaka uliofuata viazi viliharibika karibu vyote. Walionena kuwa Malthus amesadikishwa walisahau jambo moja: mwaka wa 1847 nafaka iliyoingia nchini ilizidi iliyotoka. Chakula kilikuwapo, asiyekuwa nacho ni yule aliyekosa fedha za kukinunulia.

Tena, katika kiangazi cha mwaka huo huo serikali ilifungua majiko ya supu, na mwezi wa Julai watu wapatao milioni 3 walilishwa kila siku. Basi kulisha kuliwezekana. Walakini kabla ya mwaka kwisha majiko yalifungwa, mzigo ukatupwa juu ya kodi za Ireland yenyewe, na mkulima mwenye zaidi ya robo ya eka akanyimwa msaada mpaka aiache ardhi yake. Trevelyan, katika maandishi yake ya mwaka wa 1848, aliueleza msiba huo kuwa ni kazi ya Mungu.

Watu kama milioni 1 walikufa, na zaidi ya hao walihama. Malthus mwenyewe alikwisha kufa mwaka wa 1834. Hesabu ya mwaka wa 1851 ilikuta watu 6,552,385. Na hata zile za 2021 na 2022, za sehemu zote mbili za kisiwa zikijumlishwa, hazikuifikia ya 1841.