Kazi za msimu Marekani: piga hesabu kabla ya kukata tiketi

Wadau, naulizwa sana kuhusu kazi za msimu kwenye hoteli za ufukweni Marekani, ile viza ya J-1 ya wanafunzi. Nilibeba boksi kiangazi kimoja pale Ocean City, Maryland, kwa hiyo haya si ya kusimuliwa.

NANI ANARUHUSIWA?
Mwanafunzi wa chuo nje ya Marekani, anayesoma muda wote na aliyemaliza angalau muhula mmoja. Mpango unaitwa Summer Work Travel. Hauzidi miezi 4, halafu unarudi chuoni. Uraia nao unahesabika: Marekani ilisimamisha viza za J kwa Warundi Juni 2025, na kwa Watanzania kuanzia 1 Januari 2026. Mbongo mwenzangu, mtu akikuomba hela ya J-1, kwanza hakikisha kwenye tovuti ya ubalozi kama amri hiyo imeondolewa.

KARATASI NA ADA
Bila fomu DS-2019 hakuna safari. Inatolewa na mdhamini aliyeidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na orodha ya wadhamini iko wazi kwenye tovuti ya wizara. Wakala wa mjini kwako hatoi fomu hiyo mwenyewe. Akishindwa kumtaja mdhamini wake, ondoka na pesa yako. Ada za serikali ni dola 35 za SEVIS na dola 185 za viza. Ukinyimwa viza, hizo 185 hazirudi. Ada ya mdhamini na nauli ni mbali.

MSIMU
Ocean City inachangamka mwishoni mwa Mei hadi Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Ukianza kutafuta Mei, umechelewa. Kazi zenyewe: kutandika vitanda, kuosha vyombo, kuuza aiskrimu, kusimamia mabembea.

HESABU SASA
Hapa ndipo wengi wanaumia. Maryland kima cha chini ni dola 15 kwa saa tangu Januari 2024. Saa 40 ni dola 600 kwa wiki kabla ya kodi. Myrtle Beach, South Carolina, nako kuna bahari, lakini kima cha chini ni dola 7.25, saa zile zile zinaleta dola 290. Kwa hiyo usiulize "hoteli gani" tu, uliza jimbo gani. Wahudumu wa meza wana hesabu yao: Maryland mwajiri anaweza kulipa dola 3.63 kwa saa, bakshishi zijazie. Zisipofikisha 15, anatakiwa aongeze yeye.

Kabla ya kusaini, uliza haya kwa maandishi:
1. Saa ngapi za uhakika kwa wiki?
2. Kitanda ni dola ngapi kwa wiki, na inakatwa kwenye mshahara?
3. Kutoka malazi hadi kazini ni umbali gani?

Chumba cha watu wengi na saa 25 kwa wiki vinaweza kukurudisha nyumbani na deni la nauli.

UKISHAFIKA
Mwenye J-1 hakatwi Social Security wala Medicare. Ukiziona kwenye hati ya mshahara, dai urudishiwe. Pasipoti yako kaa nayo mwenyewe. Mwajiri hana haki ya kuishika. Mambo yakiharibika, mpigie mdhamini. Akikuzungusha, wizara ina simu ya dharura ya J-1: 1-866-283-9090.

Mliowahi kufanya Wisconsin Dells au Cape Cod, tuambieni vitanda vya huko ni bei gani. Anayejaza fomu mwaka huu anahitaji kujua.