Mchungaji Asimame Nyuma ya Nani?

Mwaka 1986 KANU, chama pekee kilichoruhusiwa kisheria nchini Kenya tangu 1982, kiliamua kwamba wagombea wake wateuliwe kwa wapiga kura kupanga foleni hadharani nyuma ya mtu wanayemtaka au picha yake. Wananchi waliuita mlolongo. Aliyepata asilimia 70 au zaidi kwenye foleni alihesabiwa amepita bila kupingwa, na kura ya siri haikumhusu tena.

Agosti mwaka huohuo, wachungaji wa Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, walikutana Chuo Kikuu cha Kenyatta na kuukataa utaratibu huo. Hoja yao ilitoka kwenye kazi yao ya kila wiki. Mchungaji akionekana leo amesimama nyuma ya fulani, Jumapili atampaje ushirika mtakatifu muumini aliyekuwa foleni ya pili?

Wanasiasa waliwajibu kwa Biblia. Warumi 13, walikumbusha, inasema mamlaka imewekwa na Mungu. Na waliosema hivyo hawakuwa wapagani. Rais Daniel arap Moi alikuwa muumini wa Africa Inland Church, asiyekosa ibada. Kanisa lake lilijitoa NCCK mwaka huohuo. Siku hizi kisa hiki husimuliwa kama vile Kenya ilikuwa na Nebukadneza upande mmoja na watakatifu upande wa pili. Ukweli ni kwamba pande zote mbili zilishika kitabu kimoja na kusali Jumapili ileile.

Aliyeichambua hoja hiyo kwa kina zaidi, kwa maoni yangu, ni David Gitari, askofu wa Kianglikana wa Mlima Kenya Mashariki. Hakuikwepa Warumi 13. Paulo anamwita mtawala mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema, na mtumishi ana bwana wa kumtolea hesabu. Akiyaacha mema, wanaomkosoa kwa jina la huyo bwana hawajavunja agizo la Paulo. Wanasimama na mitume wa Matendo 5, waliofikishwa mbele ya baraza wakasema Mungu ndiye wa kutiiwa kwanza.

Juni 1987, akihubiri Nyeri, Gitari alifungua Danieli sura ya 6: mfalme Dario anatia sahihi amri iliyoletwa na wanaojipendekeza, kisha anashindwa kuitangua. Waliomsikiliza hawakuhitaji ufafanuzi. Mwaka uliotangulia Bunge lilikuwa limebadili katiba na kumwondolea Mwanasheria Mkuu ulinzi wa kazi yake. Danieli alichaguliwa kwa busara. Hakuwa mwasi, alikuwa mtumishi mkubwa wa serikali ambaye maadui zake hawakumpata na kosa lolote kazini. Alichofanya ni kuendelea kusali kama kawaida, dirisha likiwa wazi.

Kwa nini mambo haya yasemwe mimbarani? Kwa sababu mkutano wa hadhara ulihitaji kibali cha serikali, lakini ibada haikuhitaji.

Uteuzi wa Februari 1988 ulithibitisha hofu ya wachungaji: kuna mahali foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu mbele ya macho ya walioipanga. Jarida la NCCK, Beyond, liliandika kuhusu udanganyifu huo na likapigwa marufuku. Mhariri wake, Bedan Mbugua, alifungwa kwa kosa la kutowasilisha taarifa za mauzo. Aprili 1989 genge lilivamia nyumba ya Gitari usiku, naye akaokoka kwa kupanda juu ya paa.

Siku ya Mwaka Mpya 1990, Timothy Njoya wa kanisa la Presbyterian, PCEA, alihubiri Nairobi kwamba yaliyozikuta tawala za chama kimoja Ulaya Mashariki yangeweza kuzikuta za Afrika. Agosti, waziri Peter Okondo aliwaonya maaskofu Alexander Muge wa Eldoret na Henry Okullu wa Maseno Kusini wasikanyage Busia, huenda wasitoke hai. Muge, aliyewahi kuwa polisi kabla ya kuwa kasisi, alikwenda tarehe 14. Njiani akirudi gari lake liligongana na lori, akafa. Okondo alijiuzulu.

Desemba 1990 wajumbe wa KANU, wakikutana Kasarani, waliufuta mlolongo na sheria ya asilimia 70. Mwaka mmoja baadaye kifungu cha 2A, kilichofunga mlango kwa vyama vingine, kiliondolewa katika katiba.

Tukiishia hapo tutakuwa tumewapendelea viongozi wa dini. Katika uchaguzi wa 2007 wengi wao walijipanga nyuma ya wagombea wa makabila yao, safari hii bila kulazimishwa na chama chochote. Damu ilipomwagika, waumini waliokimbia hawakujua waamini mchungaji yupi. Februari 2008 NCCK ilikiri hadharani kwamba makanisa yalikuwa yameegemea pande, ikaomba radhi.