Kapani Isiyo na Jiwe: Mizani, Pamba na Madaraka Kanda ya Ziwa

Kuna vitu katika nyumba zetu vinavyotunzwa kwa heshima na ilhali hakuna ajuaye kazi yake. Kimoja nilioneshwa na familia moja ya wilaya ya Magu, mwendo mfupi kutoka Mwanza mjini. Ni fimbo ya chuma yenye urefu unaokaribia mkono wa mtu mzima, nzito upande mmoja na iliyochongoka kidogo upande wa pili. Kwenye ncha nzito imefungwa kulabu tatu zilizokaribiana. Moja inatazama chini. Nyingine mbili zinatazama pande zilizo kinyume, kana kwamba mfuaji alibadili nia katikati ya kazi. Kingo mbili za fimbo zimekatwa pengo pengo, na kando ya mapengo hayo kuna tarakimu zilizogongwa kwa patasi.

Kila aliyeulizwa alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema ni mtego wa fisi. Mwingine, fundi mitumbwi, alidhani ni kifaa cha kuvutia mbao. Mwalimu mstaafu, aliyekuwa makini kuliko wote, alisema ni kipimo cha kitambaa cha duka la zamani, kwa kuwa mapengo yamepangwa kwa nafasi sawa. Hoja yake ilikuwa na mantiki, lakini kipimo cha kitambaa hakihitaji kulabu. Tena kingo mbili za fimbo hii hazikubaliani. Kwenye ukingo mmoja tarakimu zinaanza 10 na kuishia 70. Kwenye mwingine zinaanza 60 na kuishia 240. Hakuna muuza kitambaa anayehitaji fimbo yenye yadi za aina mbili.

Kutokukubaliana huko ndiko kunakotoa siri. Tarakimu za ukingo wa pili zinaanza kabla kidogo ya pale za kwanza zinapokomea. Maana yake ni kwamba fimbo hii ilipima kitu kilekile kwa viwango viwili, kidogo na kikubwa, na mtumiaji aliigeuza juu chini alipotaka kuhama kutoka kimoja kwenda kingine. Ndiyo sababu kulabu mbili zinatazama pande kinyume: ukining'iniza kwa hii, ukingo mmoja unakuwa juu na kusomeka, ukigeuza na kuning'iniza kwa ile, unasomeka ukingo wa pili. Kulabu ya tatu ni ya mzigo.

Hii ni kapani. Neno limo katika kamusi zetu, nalo asili yake ni qabban ya Kiarabu, ingawa chombo chenyewe kilijulikana hata kwa Warumi wa kale. Ni mizani ya mkono mmoja mfupi na mmoja mrefu, inayofuata kanuni ya nyenzo ambayo kila mwanafunzi wa sekondari hukariri: mzigo mara umbali wake kutoka kwenye egemeo ni sawa na jiwe mara umbali wake. Mzigo mzito unaning'inia karibu na egemeo. Jiwe dogo linasogezwa mbali juu ya mkono mrefu mpaka fimbo itulie sawasawa. Pengo lilipokomea jiwe ndilo uzito. Kwa namna hiyo mtu mmoja, mti mmoja na jiwe moja vinatosha kupima gunia zima.

Lakini jiwe la fimbo ya Magu halipo, na bila jiwe kapani ni bubu. Hapa ndipo nilipofurahishwa na kazi ya mfuaji. Nilipima kwa rula. Kwenye ukingo wa mizigo mizito, umbali kati ya kulabu ya mzigo na egemeo ni inchi 1, na kila hatua ya 10 inachukua inchi 1. Kwenye ukingo wa mizigo myepesi, egemeo liko inchi 3 kutoka kwenye kulabu ya mzigo, na kila hatua ya 10 inachukua inchi 3. Kipimo ni ratili, na hesabu ni fupi: kuongeza ratili 10 kwenye mzigo kunalisukuma jiwe kwa umbali ambao uzito wa jiwe lenyewe ndio unaouamua. Ukingo wa kwanza unasema jiwe lilikuwa la ratili 10, kama kilo 4 na nusu. Ukingo wa pili unasema vilevile. Mashahidi wawili walioapishwa mbalimbali wametoa ushahidi mmoja, kwa hiyo sioni tena nafasi ya fisi wala ya kitambaa.

Nimelieleza jiwe kwa kirefu kwa sababu wizi wote wa kapani umo ndani ya jiwe. Tuseme mnunuzi ana mawe mawili yanayofanana sura, moja la ratili 10 na jingine la ratili 11. Akitumia la pili, fimbo itatulia mapema, kwa kuwa jiwe zito halihitaji kwenda mbali. Tukiuacha kando uzito wa fimbo yenyewe, pamba ya ratili 110 itasomeka 100. Mkulima anatazama fimbo. Imetulia sawasawa, haijaegemea huku wala kule. Anatazama tarakimu, hazijafutwa wala kugushiwa. Kila anachoweza kukikagua kwa macho ni cha kweli. Uongo uko kwenye kitu ambacho hakuna anayefikiria kukipima, yaani kile kinachopimia wengine.

Sasa turudi kwenye historia ya ukanda huu. Kabla ya Uhuru, pamba ya Jimbo la Ziwa ilinunuliwa na wafanyabiashara wenye vinu vya kuchambulia, wengi wao wenye asili ya Kihindi. Mkulima alitembea na mzigo wake hadi kituoni, akakuta mizani si yake, karani si wake, na kitabu cha hesabu kimeandikwa kwa lugha asiyoisoma. Manung'uniko juu ya mizani hayakuwa jambo la pembeni katika siasa za Usukuma; kwa maoni yangu yalikuwa kiini chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 vikundi vya wakulima vilianza kupima pamba vyenyewe kabla ya kuipeleka kwa mnunuzi. Havikuwa na vinu, magari wala mtaji. Vilikuwa na mizani tu, na mtu aliyeaminiwa kuisoma. Mkulima alifika kituoni akiwa tayari na tarakimu yake kichwani, na tarakimu hiyo ilibadilisha mazungumzo.

Familia ya Magu inakumbuka kwamba babu yao alikuwa akiwapimia majirani pamba chini ya mti kabla hawajaenda kuuza. Walikumbuka mti, wakakumbuka na foleni ya watu. Waliloshindwa ni kuiunganisha kumbukumbu hiyo na chuma kilichokuwa darini.

Kutokana na upimaji wa namna hiyo, vyama vya ushirika vilikua. Paul Bomani, aliyezaliwa Musoma mwaka 1925, ndiye aliyeviunganisha, na mwaka 1955 ukaundwa muungano uliojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, VFCU. Tukumbuke mazingira: mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliizuia TANU katika Jimbo la Ziwa, na zuio hilo liliendelea hadi 1958. Katika miaka hiyo chama cha siasa kilikatazwa, lakini chama cha kupima na kuuza pamba kiliruhusiwa. Wanahistoria wetu hupenda kusimulia harakati za uhuru kwa hotuba na mikutano ya hadhara. Mimi ningeanza na mizani, kwa kuwa ndiyo iliyomfundisha mkulima wa kawaida kwamba neno la mwenye mamlaka linaweza kuhakikiwa. Si ajabu kwamba Bomani alitoka kwenye pamba akaingia katika baraza la mawaziri, na kushika Wizara ya Fedha katika miaka ya mwanzo ya Uhuru.

Yaliyofuata hayapendezi sana. Ushirika ulipochukua ununuzi wote, mizani ilihama kutoka kwa mnunuzi hadi kwa karani wa chama, na mkulima akarudi kuwa mtazamaji. Kamati Maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 ilikuta malalamiko mengi ya wanachama dhidi ya watumishi wao wenyewe, yakiwemo ya udanganyifu. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa. Katika miaka ya 1980 vikarudishwa, na hapa Mwanza tukapata Nyanza. Katikati ya miaka ya 1990 soko likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakarejea. Kila awamu ilikuja na sera yake, na sera zote zilijibu swali la nani anunue. Swali la nani ahakiki mizani liliachwa kwa karani.

Nisiwe mpendeleo. Wakulima nao wamejifunza kujibu kwa njia yao: maji kidogo ndani ya pamba, mchanga, wakati mwingine jawe katikati ya gunia. Anayeamini kwamba ataibiwa kwenye mizani hujilipa mapema. Hasara huenda kwenye jina la pamba yetu sokoni, na mkulima mwaminifu wa kijiji cha pili hulipwa bei ya mchanga wa jirani yake. Tabia hiyohiyo tunaiona katika lumbesa, isipokuwa kule dhuluma haihitaji hata jiwe bandia: gunia linashonewa kilemba juu, nalo linaitwa gunia moja. Wakala wa Vipimo wamepiga kelele miaka mingi, na lumbesa bado zinapanda malori mchana kweupe.

Vijana wangu wa darasani huniambia kwamba mizani za kidijitali zimeyamaliza haya. Nadhani zimeyaongezea giza. Kapani ilikuwa na siri moja tu, jiwe, na mtu mwenye rula na akili angeweza kuifichua kama tulivyofanya hapo juu. Kisanduku chenye tarakimu nyekundu kinaweza kurekebishwa bila kuacha alama inayoonekana kwa macho, na muhuri wa ukaguzi ubavuni mwake unaeleza tu hali yake siku alipokuja mkaguzi.

Kwa hiyo nina pendekezo dogo kwa vyama vya msingi vya Magu, Kwimba, Misungwi na kwingineko kabla msimu wa kununua haujafunguliwa. Kila kituo kiwe na jiwe la kilo 20 lililohakikiwa na Wakala wa Vipimo, lisilo mali ya mnunuzi wala ya karani. Mwanachama yeyote, hata aliyeleta kilo 15 za pamba, awe na haki ya kuomba jiwe hilo lipandishwe kwanza kwenye mizani mbele ya foleni nzima. Litunzwe nyumbani kwa mkulima atakayechaguliwa na mkutano mkuu, na mwaka unaofuata achaguliwe mwingine.